Baba Katolewa

Juzi hapa Ibra, Omani, niliwakuta watoto wakicheza kriketi kwenye wadi, bonde la mto uliokauka. Mmoja akasema, "Katolewa," nami nikaukumbuka mchana mmoja wa utotoni.

Mchana ule wadi ilinuka vumbi na mafuta aliyolipaka baba gongo lake la kuchezea. Mpira ulimpita, ukagonga vijiti nyuma yake, naye akaondoka kichwa chini.

"Babaako katolewa," jirani yetu akaniambia.

Sasa najua ni neno la mchezo tu. Wakati ule nililisikia nyumbani tu, wakubwa wakisimulia tulivyotolewa Unguja wakati wa Mapinduzi. Nikakimbia kwa mama.

"Mama, baba katolewa."

Hakuuliza katolewa wapi, wala na nani. Alifuta mikono, akapiga magoti, akalivuta kutoka uvunguni sanduku tulilotoka nalo Unguja.