Alama ya Nyamizi

Nyamizi Mwandu anafanya kazi kwenye steshenari yangu, hapa Bariadi mjini. Anatoa kopi za vyeti, anapiga picha za pasipoti, anawajazia watu maombi ya vyuo. Mteja akimkuta ameinamia kompyuta hudhani anaangalia tamthilia. Kumbe binti huyo anaandika programu za kwenye seva, zile zinazomjibu mtu anapobonyeza simu yake akiwa Lamadi au Kiloleli. Alisomea Mwanza, akarudi na diploma, ajira hakupata, nikampa kiti. Mimi ni Kornelia, na nikianza habari zake sauti hunipanda. Mtanivumilia.

Nyamizi hachanganyi vitu. Hata kwenye rafu zangu, bahasha zina mahali pake na kalamu pake, na ole wako uziweke pamoja. Programu zake nazo ni hivyo hivyo. Chukua huo mfumo wa pamba nitakaousimulia: kuna faili la kumtambua mkulima, jingine la mizani, jingine la kutuma ujumbe kwenye simu. Halafu kuna faili kuu, fupi tu, ambalo kazi yake ni kuliita lile linalohitajika. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiandike yote pamoja yakaisha.

"Dada Kornelia, mizani ikisumbua nafungua faili la mizani basi," alinijibu. "Nibomoe nyumba nzima kwa sababu ya kitasa?"

Juu ya kila faili aliandika mstari ambao mashine inauruka, unasomwa na watu tu: jina lake, na kazi ya faili hilo.

Mwaka jana vyama vya wakulima wa pamba vilitafuta mfumo wa kupokelea pamba vituoni. Ilitangazwa kwamba mtu atakayeuandika ndiye atakayeajiriwa kuusimamia. Nafasi ilikuwa moja, ya kudumu, na Nyamizi aliitaka hadi akawa anaiota. Ila ukimsimamisha mbele ya wakubwa ulimi unamkauka. Hapo ndipo alipoingia Danford, mwenye suti ya bluu na maneno mengi. Walikubaliana hivi: Nyamizi aandike, Danford aongee na wakubwa na achukue malipo ya mkataba, na siku ya kuukabidhi mfumo aseme wazi nani ameuandika. Ajira iwe ya Nyamizi.

Nilimwambia waandikishane. Alinicheka.

"Dada, kina Danford si ndio wanatuchungia ng'ombe?"

Danford ni mtoto wa mzee Mashimba wa Ngulyati. Huku kwetu mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote kwenye zizi lake. Baadhi anawapeleka kwa rafiki. Rafiki anachunga, anakunywa maziwa, anachukua samadi, lakini ng'ombe na ndama wao wanabaki wa mwenyewe, na alama ya sikioni haiguswi. Mzee Mwandu, baba yake Nyamizi, amewaweka ng'ombe wake kwa Mashimba tangu Nyamizi hajazaliwa. Karatasi haijawahi kuandikwa, na ndama hajawahi kupotea. Basi Nyamizi alimnakilia Danford folda nzima kwa moyo uleule ambao baba yake aliswagia ng'ombe.

Wiki ya makabidhiano Danford akapiga simu. Nyamizi aliweka sauti ya nje kwa sababu alikuwa anakata picha za mteja.

"Nyamizi, mafaili haya yamezidi. Nimeyaunganisha yawe moja, lakini sasa ukurasa umekuwa mweupe. Mweupe kabisa!"

"Si nilikuambia uyaache yalivyo? Faili kuu litayaita lenyewe."

"Nisaidie bwana, wakubwa wanakuja."

Mafaili mawili yalikuwa na amri yenye jina moja. Yakiwa mbalimbali hazikuwahi kukutana, kwa sababu faili kuu liliita moja kwa wakati wake. Danford alipoyabandika pamoja, seva ikakuta majina mawili yanayofanana, ikagoma. Nyamizi akaweka mkasi chini akamwongoza: badilisha jina hili, rekebisha pale linapoitwa, hifadhi, jaribu tena. Mfumo ukafunguka. Danford akamwita malaika, mteja akacheka, na sisi tukaendelea na picha.

Siku ya siku nilifunga duka tukaenda wote ukumbini. Tulikaa nyuma. Mbele walikaa wenyeviti wa vyama vya msingi, na mzee Mwandu akiwa miongoni mwao, maana ndiye mwenyekiti wa chama cha kwao. Mfumo huo aliujua vizuri. Nyamizi alimwonyesha nyumbani, na mzee mwenyewe ndiye aliyemshauri: majina yetu yanafanana mno, mkulima atambuliwe pamoja na kitongoji chake na jina la mama yake. Nyamizi aliliandika faili la utambuzi kwa ushauri huo.

Danford akawasha projekta. Kwanza akaonyesha mizani, watu wakapiga makofi. Kisha, kwa mbwembwe, akafungua programu yenyewe ukutani. Faili moja, refu, halina mwisho. Juu kabisa paliandikwa kwamba mfumo huu umeandikwa na Danford Mashimba. Nyamizi alisoma hadi chini kila ukurasa uliposogezwa, anatafuta mistari yake. Hakukuwa na hata mmoja. Akanishika mkono, akaubana hadi ukauma.

"Ndiyo maana aliyaunganisha," alisema. "Na mimi nikamsaidia."

Danford hakugeuka nyuma hata mara moja. Alieleza habari ya kitongoji na jina la mama. "Wazo hilo lilinijia nikiwa shambani," alisema, na mimi nikatamani kumrushia kiatu.

Msimamizi wa kikao akauliza kama mfumo ameuandika peke yake. Akasema peke yake. Msimamizi akawageukia wenyeviti: kuna mwenye neno kabla hatujampa kijana kazi hii?

Mzee Mwandu akasimama.

Nyamizi akauachia mkono wangu. Alinyooka kwenye kiti, uso umemfunguka, na hadi leo uso huo nikiukumbuka nataka kulia. Mzee akakohoa.

"Kijana wetu ametusaidia sana," alisema. "Mimi namjua kwao, ni watu wazuri. Apewe."

Akaketi. Akawa wa kwanza kupiga makofi.

Nje, mzee alitufuata penye baiskeli. Nyamizi hakumsalimia. Nami namheshimu mzee, lakini siku hiyo shikamoo iligoma kunitoka.

"Mayu, usinikasirikie," alimwambia binti yake. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo anavyomwita akitaka kumbembeleza. "Ng'ombe zangu ziko kwao. Nikimwaibisha mtoto wa Mashimba mbele ya watu, nitazipeleka wapi na malisho yenyewe ndiyo haya? Wewe utaolewa. Ng'ombe zitabaki."

Nyamizi alikuwa anaangalia gurudumu la baiskeli. Danford alipita na watu wake, akacheka kwa sauti, akaingia kwenye gari.

"Nimekuwekea mtamba mmoja," mzee akasema. "Yule mwekundu. Ni wako kabisa, yuko kule kule kwa Mashimba."

"Na nani atajua kwamba ni wangu?"

"Mimi baba yako nitajua."

"Na mfumo pia ulijua ni wangu, baba," alisema Nyamizi, akaniomba ufunguo wa duka.