Raketi Niliyoing'ang'ania Dukani

Jamani, bado naona aibu. Jumamosi nilitoka Kiomboi kwenda Singida mjini, nimeapa sirudi bila raketi ya badminton ya bei rahisi, ya akiba, ya kuchezea jioni na wenzangu. Kwenye duka la vifaa vya michezo vya mtumba nikamkuta mzee ameketi, raketi iko mezani.

"Shikamoo, baba. Hii unauzaje?"

"Marahaba. Hiyo haiuzwi, mwanangu."

Nikajua anataka kupandisha bei. Nikaanza kuiponda: mpini umechakaa, nyuzi zimelegea, hata bure ni hasara. Mzee akatabasamu. Nikaona amelainika, nikaweka hela mezani na kuitia raketi kwenye mkoba.

Mara mwenye duka akaingia na nyuzi mpya.

"Samahani mzee, nimekuchelewesha. Raketi yako iko wapi nikufungie?"

Wote wawili wakautazama mkoba wangu, mpini umechomoza nje.