Kasi ya Talib

Wanaosema wifi yangu Thuwaiba hakuwa na uchungu, eti kwa sababu alishika kompyuta ndani ya eda, mimi Shemsa, dada wa marehemu mumewe, nawaambia hawakuona nilichokiona.

Thuwaiba ndiye anayepanga kazi za karakana yetu ya Chukwani, inayounda mashine mpya ya kusagia mwani. Alipiga hesabu kwamba mafundi waanze na mashine moja kwa wiki, na mikono ikishazoea wafikie tano. Kipimo hicho alikichukua kwenye kasi ya mumewe Talib, maana hakuna aliyechomelea kwa wepesi kama yeye. Ramadhani aliitia kwenye hesabu, Idd aliitia, hata kukatika umeme. Kifo hakukitia.

Talib alipozikwa nikamwambia, "Wifi, punguza kipimo. Waliobaki hawakiwezi."

"Kiache," akanijibu.

Basi kila Ijumaa nilimpelekea habari za karakana, akaziingiza, na kompyuta ikaonyesha kuwa kazi iko nyuma ya kipimo cha Talib. Mafundi walinuna. Yeye alitabasamu kidogo, nami nikaudhika, nikidhani huzuni imemharibia akili.

Wiki ya mwisho ya eda nikaingia mbio chumbani kwake. "Wifi, wamefika. Wiki hii mashine tano."

Akaingiza hesabu, akaitazama skrini muda mrefu. Kisha akajifunika uso kwa mtandio, akalia kilio ambacho siku ya maziko hakukilia.

"Wamemfikia, Shemsa," alisema. "Leo ndo nnamzika."