Muhuri wa Ng'ambo

Mjomba wangu alikuwa fundi viatu, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Ng'ambo. Alikuwa na muhuri wa chuma, akiupasha moto na kuugandamiza ndani ya kila kiatu: jina la mji wa mbali ambao hakuwahi kuukanyaga. Wateja ndivyo walivyotaka. Mtu alikishika kiatu, akakikunja soli, akasoma muhuri, kisha akalipa bila maneno mengi. Na viatu vyenyewe vilikuwa imara kuliko vya ng'ambo halisi! Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilizoea kumtania. "Mjomba, kumbe ng'ambo ni hapa uani, karibu na kamba ya nguo?"

"Cheka tu, mpwa wangu. Eti kizuri chajiuza. Kwetu hapa hata kizuri huomba lifti."

Kitinda mimba wake aliolewa nchi jirani. Miaka yote hakuweza kumpelekea viatu vya kuuza, maana ushuru wa mpakani ulimeza faida yote. Kisha nchi zetu zikatia saini mkataba wa biashara. Wakubwa walieleza kwa maneno marefu, lakini maana yake ilikuwa nyepesi: majirani wameondoa ua kati yao, wakabakiza geti moja la upande wa barabarani. Kilichotengenezwa ndani kinapita bure. Cha mgeni kinalipa getini.

Binti akapiga simu akipiga vigelegele. "Baba, nimeuza cherehani yangu, nimepanga duka mbele ya shule! Lete viatu kabla shule hazijafunguliwa."

Mjomba alishona mpaka vidole vikaota sugu juu ya sugu. Akamaliza kama kawaida yake, kwa muhuri. Mimi nilikuwapo, nikimpulizia makaa, na wala halikunijia wazo lolote. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Siku ile sote wawili tulikuwa vipara.

Mpakani tulipokelewa na afisa wa forodha, dada mmoja mpole. Alimwamkia mjomba kwa heshima, akafungua gunia, akatoa kiatu.

"Vimetengenezwa wapi, mzee?"

"Kwangu. Kwa mikono hii."

Akachungulia ndani. "Mbona hapa pameandikwa kwingine?"

"Ah, huo ni urembo tu, binti yangu."

"Urembo gani wa kujikana, mzee?" Hakusema kwa ukali. "Mimi nakuamini. Lakini msamaha wa ushuru ni wa bidhaa za kwetu, na hizi zinasema si za kwetu. Lipa ushuru wote, au rudi ukatafute cheti cha uasili, cha kuthibitisha vimetengenezwa wapi."

Ushuru ulizidi uwezo wetu, tukarudi na magunia. Mjomba akaketi kukwangua mihuri, kiatu kimoja baada ya kingine, na kila alipokwangua ngozi ilibaki na kovu. Hadi wakaguzi wa cheti walipokuja kuvikagua na cheti kikatolewa, shule zilikwisha kufunguliwa na wazazi walikwisha kununua kwingine. Binti alirudisha ufunguo wa duka. Cherehani haikurudi.

Mjomba akachonga muhuri mpya, wenye jina lake. Wateja wetu wa zamani walikigeuza kiatu, wakauliza, "Huyu ni nani tena? Tuletee vile vya ng'ambo." Wangemjuaje, ilhali alijificha mwenyewe?

Binti alipokuja kutusalimu, alikuwa amevaa ndala za plastiki. Mjomba akamtolea jozi mpya. Alisoma lile jina ndani, akalipapasa kwa kidole gumba.

"Baba, hili jina lingekuwamo tangu zamani..."

Mjomba akapiga magoti mbele yake, akamfunga kamba za viatu taratibu, kama alivyomfunga zamani akienda shule, na hakuinua uso mpaka alipomaliza mguu wa pili.