Mzamiaji wa Mamba na Ndiva Iliyoziba

Wananchi wote wa Mamba, wenye tangawizi na wasio na tangawizi, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba mwenzenu Sadock, mtoto wa Mama Redempta, mwanamume wa kwanza wa milima hii kulishwa kwa sababu ya kukaa chini ya bahari, amerejea nyumbani akiwa mzima, na meno yake yote, na miwani moja ya mpira inayofunika mpaka pua. Simameni. Wenye kofia wavue.

Hakuna aliyesimama. Watu walikuwa na swali moja tu, nalo waliliuliza wakiwa wamekaa: huyu bwana anafanya kazi gani hasa?

Kwa haki, hata Sadock mwenyewe hakuwa na hakika. Miaka sita alikuwa karani wa ghala moja pale Same mjini, akipima magunia na kuandika. Kisha nchi ikafunguliwa milango. Mitumba ikaingia, redio za betri zikaingia, Sadock akatoka. Barua aliyopewa ilisema anapunguzwa. Alijitazama. Alikuwa na kilo hamsini na mbili. Akashangaa watapunguza nini tena.

Akateremka Dar es Salaam kutafuta riziki, na siku ya tisa akaona karatasi imebandikwa ukutani karibu na posta: wanatakiwa vijana wawili wajuao kusoma na kuandika, mafunzo ya kuzamia, chakula na malazi bure, mshahara baada ya miezi sita. Sasa miaka hiyo ukisema kuzamia, kila kijana alijua maana yake. Unajipenyeza melini, unajibanza nyuma ya makontena, unaibukia Ugiriki au Afrika Kusini, kama hujatoswa njiani. Sadock aliisoma ile karatasi mara tatu. Alijua kwamba siku hizi kila kitu ni ruksa, lakini hakujua kwamba ruksa imefika huku: hata kuzamia nako kumefunguliwa chuo?

Akajiandikisha. Kwa mtu aliyepunguzwa, Ugiriki si mbali.

Chuo kilikuwa kisiwa kinachoitwa Kitundu, kidogo kiasi kwamba ukianza kukizunguka ukitafuna muwa, unarudi ulipoanzia muwa haujaisha. Kulikuwa na vibanda vinane vya makuti, boti moja, na bosi Mzungu mrefu ambaye swali lake la kwanza lilikuwa kama Sadock anajua kuogelea. Sadock akajibu, "Kidogo." Alimaanisha kwamba utotoni aliwahi kutumbukia ndivani akatoka.

Ndiva, kwa msomaji wa nchi tambarare, ni bwawa letu la milimani. Maji ya kijito yanajikusanya humo usiku kucha, asubuhi mnazibua tundu lililo chini, yanateremka mferejini kwenda mashambani kwa zamu. Kila Mpare ameoga ndivani na kuchapwa kwa kuoga ndivani. Ndiyo elimu yote ya maji aliyokwenda nayo Sadock baharini.

Maisha yake kule yalikuwa hivi. Saa kumi na mbili asubuhi anawasha kompresa, mashine yenye kikohozi kama trekta la mashamba ya mpunga kule Ndungu, na kujaza mitungi ya hewa. Anaibeba mpaka kwenye boti. Anawavalisha wageni, watalii wa bosi, suti za mpira, kazi inayofanana na kuirudishia ndizi maganda yake. Anashuka nao chini ya maji, yeye wa mwisho, akiwahesabu wasipungue. Jioni anasuuza zile suti, ambazo wageni huwa wamejikojolea humo kwa sababu ya baridi, jambo ambalo kitabu cha mafunzo kililieleza kwa adabu kubwa. Kisha anaandika daftarini ni samaki gani wameonekana.

Hapo kwenye kuonekana ndipo kichwa kilipomzunguka. Jodari mzima, mnene kama mbuzi wa Krismasi, anapita karibu na kiuno cha mtu, na mtu anampungia mkono!

"Hawamvui?" alimuuliza Kurwa, nahodha wa boti, mzaliwa wa kisiwa.

"Wanamwangalia."

"Halafu?"

"Halafu wanalipa." Kurwa alicheka mpaka akashika usukani kwa goti. "Mpare, kwani nyie si ndio mnaomtundika papa juu ya meko, mkala ugali kwa kumtazama?"

"Hayo ni maneno ya watani."

"Basi kazi imempata mwenyewe. Watu wamekuja kula kwa macho, na fundi wao katoka Upareni. Kijiji gani vile?"

"Mamba."

"Umetoka kwa mamba, unamshangaa jodari?"

Kurwa huyohuyo ndiye aliyemfundisha lugha ya mikono, kwa matusi. Chini ya maji huwezi kusema, na dole gumba juu maana yake si safi, maana yake tupande. Safi ni duara: dole gumba na kidole cha shahada vinakutana. Na sheria iliyo juu ya sheria zote: ukiibuka tu, kabla hujafungua mdomo, toa duara, boti ijue uko mzima. Sadock alitukanwa mpaka mkono ukazoea kwenda wenyewe. Alifika mahali akimaliza kula makande anatoa duara.

Sasa barua. Ya kwanza aliandika, "Mama, mimi sasa nasomea kuwa diver." Mama Redempta, ambaye macho yake yalikwishachoka, aliipeleka kwa Mwalimu Nathanaeli, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, aisome. Mwalimu alifika kwenye neno hilo, akasimama, akatoa kalamu nyekundu, akaongeza N mbele na kurekebisha mwisho. "Ndiva," alisema. "Anasomea ndiva. Tahajia tu ndiyo imeharibika, na darasa la nne nilimwambia."

Kijiji kikafurahi. Serikali imekumbuka ndiva! Mama akamwomba Mwalimu amwandikie majibu yenye hongera. Sadock alipoyapata alishika kichwa, akajibu haraka: "Siyo ndiva, mama. Waambie mimi ni mzamiaji."

Ikawa balaa. Mama Redempta alilia siku mbili, akaomba ibada ya kuwaombea walioko melini. Vijana wakaleta oda za raba na redio, mmoja akaandika kabisa saizi ya mguu. Na Mwalimu Nathanaeli akamwita binti yake Honorata, ambaye Sadock alikwishamtamkia neno kabla ya kupunguzwa, akamwambia kwamba hakuna binti yake atakayeolewa na mtu anayelala nyuma ya kontena.

Ndiyo maana Sadock alirudi. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja apate cheti na mshahara, akaomba ruhusa ya siku kumi, siyo kwa ajili ya kutangazwa kijijini, kwa ajili ya Honorata tu. Siku ya pili alikwenda na mama yake kuposa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeshukia bandari gani?"

"Nimetoka kisiwani, Mwalimu. Hapahapa Tanzania."

"Unavua?"

"Hapana."

"Unatoa lulu?"

"Hapana."

"Unashuka chini ya bahari kufanya nini?"

"Nawaangalia samaki na wageni. Halafu nawahesabu, napanda nao."

"Samaki?"

"Wageni. Samaki nawaacha."

Mwalimu alivua miwani yake. Barazani Honorata alikuwa anashona, na cherehani ilikuwa imenyamaza kitambo.

"Kijana," alisema Mwalimu, "mimi ni mwenyekiti wa kamati ya ndiva. Wiki ya tano hii imeziba. Tumechokoa kwa mianzi, haitoi. Nusu ya kamati wanataka achinjwe mbuzi kama zamani, nusu wanataka maombi, na tangawizi haitaki chochote ila maji. Wewe uliandika diva, ukaandika mzamiaji, sikuelewi. Jumamosi asubuhi ingia humo. Ukiizibua, tutazungumza. Usipoizibua, rudi Ugiriki."

"Sikuwa Ugiriki, Mwalimu."

"Hayo mtajuana wewe na Wagiriki."

Walipokuwa wanatoka, Honorata alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa: "Na huko usiende kuangalia tu, Sadock. Huku kwetu mtu akishuka chini hupanda na kitu."

Hapa lazima nieleze kuhusu koti. Mwalimu Nathanaeli alikuwa na koti la mtumba, la bluu, lililokuwa la baharia fulani wa Ulaya, lenye vifungo vinne vya shaba na kila kifungo kina nanga. Alilivaa kanisani na hakuna mtu wa Mamba asiyelijua. Wiki tano nyuma, Asheri, jirani yake, alimwozesha kijana wake. Mwalimu alihudhuria akiwa na koti. Alikunywa soda tu, kama alivyosema mwenyewe, kisha akarudi nyumbani kwa njia ya ndivani akiimba sauti zote nne za kwaya peke yake. Kesho yake koti halipo. Akamshitaki Asheri kwenye baraza la kata kwamba limeibiwa arusini kwake. Vikao vitatu vimekwishakaa. Na ndiva iliziba wiki hiyohiyo. Hakuna aliyeunganisha mambo haya mawili, kwa sababu kila moja lilikuwa na kamati yake.

Jumamosi kijiji kizima kilizunguka ndiva. Sadock alivua shati, akavaa ile miwani ya mpira, watoto wakakimbia. Akainua mkono na kuelekeza dole gumba chini, kuwajulisha anashuka.

"Anasema anakufa!" alipiga kelele Mama Redempta.

Sadock akazama. Maji yalikuwa kimo cha mtu na shubiri mbili, rangi ya chai ya maziwa, miwani haikumsaidia kitu. Alipapasa ukuta wa mawe mpaka akafika kwenye tundu. Humo kulikuwa na kitu laini kimejisokota. Akakivuta, kikagoma. Akakanyaga ukuta kwa miguu miwili, akavuta kwa nguvu zote za kompresa, kikatoka, na vidole vyake vikapita juu ya kitu cha duara, kigumu, baridi. Akapapasa. Nanga. Akapapasa kingine. Nanga.

Pumzi ilikuwa inaisha, lakini hilo silo lililomchanganya. Akilitoa koti, anamvua nguo baba mkwe mbele ya kanisa zima. Akiliacha, Asheri ni mwizi mpaka kiama. Kitabu cha mafunzo kilikuwa na sura kumi na mbili, na hakuna iliyogusa jambo hili.

Akalibana koti kati ya magoti, akaibuka. Na kabla hajafikiri, mkono ukaenda wenyewe: duara.

"Sifuri!" kijiji kikanguruma. "Amepata sifuri!"

Mwalimu Nathanaeli, ambaye alikwishatoa sifuri nyingi maishani na anaijua hata kwa mbali, alitikisa kichwa kwa huzuni. Honorata aliinamisha uso. Ndipo chini ya ukingo, mferejini, kikasikika kishindo kama ng'ombe aliyekata kamba, na mtu akapiga yowe: "Maji! Maji hayo!"

Vigelegele. Waliotaka mbuzi wakakumbatiana na waliotaka maombi. Sadock alianza kuogelea kwenda ukingoni, lakini Mwalimu akainua mkono.

"Baki hapohapo, mwanangu. Wakuone."

Na akaanza hotuba. Hotuba za Mwalimu Nathanaeli hazina mteremko. Alianza na waliochimba ndiva. Maji yakashuka mpaka mabegani kwa Sadock, miguu ikagusa tope. Akalikanyaga koti kwa miguu yote miwili. Mwalimu akaingia kwenye elimu na umuhimu wa tahajia. Maji yakawa kifuani. Akaomba radhi, bila kutaja nani, kwa niaba ya wote walioelewa vibaya neno mzamiaji. Kiunoni. Sadock alimtazama Honorata, kisha akatazama maji, kisha akamtazama tena Mwalimu kwa macho ya kumsihi afupishe, na Mwalimu akadhani ni unyenyekevu, akarefusha.

"Kwa hiyo," alisema, maji yakiwa magotini, "mbele ya kamati, mbele ya mchungaji, mbele hata ya Asheri ambaye kesi yetu iko palepale, mimi Nathanaeli natamka, na neno langu silirudishi: Honorata, huyu ndiye mume wako. Nimekubali!"

Wanawake wakapiga vigelegele tena. Kwenye maji ya chai, karibu na goti la Sadock, mkono mmoja wa bluu ulianza kuelea taratibu kama unaomba nafasi ya kuchangia.

"Na sasa, mwanangu," Mwalimu alisema, akimkazia macho Asheri, "uwaeleze wananchi bila kuficha. Ni nini kilichokuwa kimekaa kwenye koo la ndiva yetu wiki tano? Ni joka? Ni laana ya mababu? Au ni hujuma ya watu fulani nisiowataja?"

Sadock alivua miwani ya mpira, akaikung'uta maji.

"Koti lako, baba."