Majarida ya Baba Yaliyochelewa Makere

Enzi zetu pale Makere, jarida halikuwa na siku maalumu ya kufika. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alililipia mwaka mzima, kisha tukabaki kungoja. Likiwahi, wiki mbili. Likichelewa, miezi miwili, halafu yanakuja mawili kwa mpigo. Treni ikikwama, nalo limekwama; masika yakiharibu barabara ya Kasulu, linalala Kigoma. Na shule nzima ilikuwa na sanduku moja la barua, kwa hiyo aliyekwenda mjini Kasulu ndiye aliyebeba vya wote, akasoma kwanza yeye, akasoma mkewe, akasoma jirani. Likimfikia Baba lilikuwa na alama za mawese, naye alicheka tu.

Nilikuwa darasa la sita. Madaftari tulijalidi kwa magazeti, yakachanika kabla ya muhula kwisha. Watoto wa leo, wanaonunuliwa madaftari yenye picha za wachezaji, watatucheka. Karatasi za jarida zilikuwa nzito, zinang'aa. Jumamosi moja nikatumwa posta mimi. Njiani nikachana kurasa za kujalidia, nikamwambia Baba halijafika. Mwezi uliofuata nikarudia.

Baba akachukia, tukaenda wote mjini. Karani wa posta alikuwa Bwana Shabani, mtu mpole kutoka Tanga.

"Unakula majarida yangu!" Baba alimfokea mbele ya watu.

"Wallahi, Mwalimu, jarida likifika naligonga muhuri, nalitia sandukuni siku hiyo hiyo."

Watu walimtazama kama mwizi. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Mwezi uliofuata Bwana Shabani alikuja Makere kwa baiskeli, jasho linamtiririka. "Nimekuletea mkononi, Mwalimu, lisije likapotea tena." Alinikuta barazani na daftari la Hesabu, lile nililokuwa nikimficha Baba kwa sababu jalada lake lilikuwa na muhuri wa posta. Baba alipoingia ndani kumletea kiti, Bwana Shabani aliuona muhuri wake. Akaniangalia. Kisha akaligeuza daftari kifudifudi kabla Baba hajatoka.

"Soma, mwanangu," aliniambia. Akanywa maji, akaondoka.

Alilileta hivyo kila mwezi mpaka alipohamishwa. Baba alizeeka akiwaambia wageni, "Karani ukimkaripia, barua zinawahi." Nilimsikia mara nyingi, nikawa naondoka kwenda kuchochea moto jikoni. Alikufa sijamwambia. Bwana Shabani sijui hata alizikwa wapi.

Siku hizi habari zinaingia kwenye simu papo hapo, na zikichelewa kidogo tu wanangu wanatukana mtandao. Ninawasikia, naona aibu upya. Wao wanautukana mtandao na hakuna anayeumia. Sisi tulikuwa na mtu, anatoa salamu, anajua majina yetu, na mimi nilimwacha atukanwe.