Tanga la Mtu wa Nchi Kavu

Nilizaliwa karibu na Malaba, ambako maji tuliyoyajua ni ya mto na ya mvua, na yote mawili tuliyakimbia. Kwa hiyo watu wakisikia kwamba niliwahi kushindana na wavuvi ziwani, peke yangu mtumbwini, na tanga nililolishona mwenyewe, hucheka kabla sijafika mbali. Wacheke. Hata mimi hucheka, na sijui siku nyingine niliyoipenda kuliko ile niliyoshindwa na kila mtu.

Nilikuwa fundi cherehani Busia mjini, kwenye baraza ya duka la Mwislamu mmoja mchangamfu, mwenye redio na kitambi. Mwaka uliofuata uhuru alitusimulia habari aliyoisikia: Wazungu wanashindana kuvuka bahari kuu kwa mashua za tanga, kila mtu peke yake, wiki nyingi, bila hata wa kumwamkia asubuhi.

"Sasa nani anampikia?" akauliza mama mmoja muuza ndizi.

Wavuvi wa Sio, bandari ya ziwani, wateja wangu kwa sababu niliwashonea matanga ya kitambaa cha marekani, hawakujali mapishi. "Hiyo hata sisi tunaweza," walisema. Bahari hawakuwa nayo, lakini ziwa walikuwa nalo. Wakapanga mashindano yao: kutoka Sio hadi kisiwa kimoja upande wa Uganda na kurudi, mtumbwi mmoja mtu mmoja, upepo tu, kasia ni la kuelekezea. Mshindi angepewa wavu mpya.

Wavu sikuuhitaji. Nilihitaji mke.

Msichana mwenyewe tulikuwa tumeshapatana, na wazee wa pande zote walikuwa wamekwisha kunywa chai pamoja. Aliyebaki ni mama yake, mjane wa mvuvi, aliyeuza samaki wakavu hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu. "Mimi siwezi peana mtoto kwa mtu wa nchi kavu," aliwaambia wenzake, kwa sauti ya kunifikia. "Ziwa ndio ilitulisha sisi. Huyu, siku uzi ikiisha, atakula nini?"

Kwetu na kwao desturi ilikuwa moja: mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Ukimwona njiani unaingia majanini, naye hujifunika leso na kugeuka. Mgeni anaweza kudhani ni ugomvi, kumbe ndiyo heshima yenyewe. Mimi heshima nilimpa tangu mwanzo. Kila alipopita nilijificha nyuma ya suruali za watu zilizoning'inia barazani. Lakini yeye hakujificha. Alikuja moja kwa moja, uso wazi, akazisogeza zile suruali na kunitazama machoni.

"Wewe fundi, hiyo rinda imeisha?"

Wenzangu walidhani ananitania. Mimi nilielewa alichosema: wewe si mkwe wangu, ni fundi tu. Iliniuma sana, na siku hizo nilifumua mishono mingi kuliko niliyoshona.

Basi niliposikia mashindano nikatia jina langu. Mvuvi mmoja alikubali kunifundisha kila Jumapili baada ya kanisa. Asubuhi, alinieleza, upepo hutoka nchi kavu na kukusukuma ziwani. Alasiri hugeuka na kukurudisha nyumbani. "Kazi yako ni kukaa na kunyamaza," alisema. Kunyamaza kulinishinda, lakini tanga nililielewa. Nilikuwa nimeshona mengi bila kujua yanavyofanya kazi. Sasa nikalikata langu upya, nikalipa kitambi kidogo kama cha mwenye duka, ili lishike upepo.

Siku ilipofika, msichana wangu alikuja ufuoni na wenzake. Alinitazama kama mtu anayetazama chungu kilichoachwa ukingoni mwa meza. Mama yake hakuonekana.

Kwenda nilikuwa katikati ya kundi, kisha kundi likatawanyika nikabaki peke yangu. Niliogopa, sitaki kudanganya. Nilipogeuka, nchi ilikuwa mstari tu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba naogopa. Nikaanza kujisalimia. Nikajiuliza habari za nyumbani, nikajijibu nzuri, nikauliza na za ng'ombe. Hapo nikawahurumia wale Wazungu wa redioni.

Tulipokizunguka kisiwa upepo ulikuwa umegeuka, na lile tanga lenye kitambi likashika kazi. Nikampita mmoja, nikampita mwingine, hadi mbele yangu pakabaki maji tu na vilima vya Samia juu ya Sio. Nilikuwa wa kwanza! Joto likanizidi, au ni furaha. Nikavua shati nikalitupa huko mbele ya mtumbwi, nikaimba.

Ndipo nikaona mashua ya abiria ikitoka Sio, ikipigwa makasia, ikinijia. Katikati yake ameketi mama wa msichana wangu, leso mabegani na kapu miguuni, anakwenda kisiwani kumwona dada yake mgonjwa. Na mimi kifua wazi. Waliosema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga hawakuwa na mama mkwe mbele yao.

Njiani ningeingia majanini. Ziwani majani pekee yalikuwa mafunjo, mbali upande wa kulia. Nikaelekeza mtumbwi huko, nikijua ninautupa ushindi, nikijua pia kwamba atanitazama tu kama kawaida yake. Mashua nayo ikageukia upande uleule. Nikakata kushoto, nayo ikakata kushoto. Nikarudi kulia, nayo ikarudi. Mwishowe sote wawili tukajitosa mafunjoni tukanasa, karibu kiasi cha kusikiana tukihema. Shati sikuweza kulifikia. Nikalishusha tanga nikajifunika nalo gubigubi.

Nilisubiri nisikie "Wewe fundi." Sikusikia kitu. Nikachungulia kwenye upindo. Mama alikuwa amenipa mgongo, leso imemfunika kichwa na uso, ameinama hadi magotini.

Mpiga makasia alikuwa akijikaza asicheke. "Boss, mama anasema wewe pita kwanza."

"Mwambie mama atangulie."

Yakanong'onwa maneno huko. "Anasema hapana. Anasema mkwe yake ako na mashindano, asicheleweshwe."

"Anasema nani yake?"

"Mkwe yake! Boss, wewe huskii?"

Mitumbwi ikaanza kupita, mmoja baada ya mwingine. "Fundi!" walipiga kelele. "Unashonea nani huko mafunjoni?" Nilinyamaza ndani ya tanga langu, nimejawa na furaha hadi machozi yakanitoka. Mwanamke hamkimbii fundi wa cherehani. Humkimbia mkwe wake.

Niliwasaidia kuisukuma mashua yao kwa kasia langu, uso nimeugeuzia Uganda, kisha nikatafuta shati langu na kurudi polepole. Nilifika wa mwisho. Ufuo mzima ulicheka, na mwalimu wangu wa Jumapili alijifanya hanijui. Msichana wangu aliingia majini hadi magotini, macho mekundu.

"Wa mwisho," akasema.

"Nilikutana na mama yako."

"Akakuangalia?"

"Alijifunika. Akanipa mgongo."

Alinikazia macho kuona kama ninamtania. Kisha akapiga vigelegele, vikali hata mshindi, aliyekuwa akikabidhiwa wavu wake, akageuka kuona ni nani aliyefika.

Mama yule aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliwalea wajukuu, na kila wiki alinitumia samaki kwa mkono wa mtu, akiwachagua wakubwa. Uso wake sikuuona tena.